Mcheza Kwao Hutuzwa: Siku Kwaya ya Shule Inapoimba Mbele ya Kijiji

Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Tunazungumza juu ya watoto wa shule ya msingi na kuimba. Najua mwenyekiti wa kikundi fulani atauliza, "Sasa kuimba kunaleta maendeleo gani?" Mwambieni avumilie kidogo, asomewe mpaka mwisho.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwaka wa 2018, muhula wa pili, nilikuwa mmoja wa kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi. Kwaya ya shule ilikuwa inajitayarisha kwa mashindano ya muziki. Mwalimu wa kwaya akasema, "Kabla hawajaenda kuimbia watu wa mbali, waimbie kwanza watu wa kwao." Basi Ijumaa moja alasiri tukakusanyika kando ya uwanja, chini ya mti mkubwa, wazazi, wazee wa kijiji na akina mama waliokuwa wanatoka sokoni.

Watoto 40 walipanga mistari mitatu. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza, tukaupigia makofi ya heshima. Wa pili ulikuwa wa Kiswahili, tukachangamka. Wa tatu ulikuwa wimbo wa zamani wa kutwanga nafaka, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma alisimama. Kumbe yeye ndiye aliyewafundisha watoto wimbo ule. Vigelegele vikapasua hewa. Wazee wakaingiza mikono mifukoni, wakaenda kuwatuza waimbaji. Si tunasema mcheza kwao hutuzwa?

Lakini kando ya darasa aliketi msichana wa darasa la saba, mkoba wake mapajani. Niliona midomo yake ikienda. Alikuwa anafuata kila neno bila kutoa sauti. Nikamwuliza mwalimu, "Mbona huyu hayuko mstarini?" Akanitazama kwa mshangao. "Si ninyi kamati mlisema asiyeleta shilingi 300 za safari asipange mstari? Huyu ndiye niliyemchagua kuongoza sauti ya pili."

Alisema kweli. Tulipitisha uamuzi huo kwa kuinua mikono, na mkono wangu ulikuwa mmojawapo. Mama yake tulimwambia, "Usijali, mwaka ujao ataenda." Mwaka ujao msichana alikuwa darasa la nane, na shule haikuruhusu darasa la nane kwenda mashindanoni kwa sababu ya mtihani. Hakuimba tena na kwaya ya shule. Jambo hilo halijanitoka moyoni, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Ninalotaka kuwaambia ni hili: muziki ni somo, na siku kwaya inapoimba hadharani ndiyo siku kijiji kinapoona matokeo ya somo hilo. Mtoto asinyimwe somo kwa sababu ya nauli. Na kikundi kama chenu kinaweza kuzuia jambo hilo kwa pesa kidogo sana, kama tutakavyoona katika hesabu hapa chini.

MTOTO ANAJIFUNZA NINI KWA KUIMBA?

Wengi wetu tunafikiri kuimba ni kupumzika baada ya kazi. Lakini hebu tazameni mtoto aliye kwenye kwaya anafanya nini.

Kwanza, anasikiliza. Mtu hawezi kuimba vizuri na wenzake kama hawasikii. Mtoto anayepiga kelele kuliko wote huharibu wimbo, na wenzake humwonyesha kwa macho tu. Baada ya wiki chache anajifunza kuipunguza sauti yake ili ya jirani isikike. Ni watu wazima wangapi katika mikutano yetu wanaweza kufanya hivyo?

Pili, anahesabu. Wimbo huenda kwa mapigo, mawili mawili, matatu matatu au manne manne. Mtoto anayesubiri mapigo manane kabla ya kuingia anahesabu kichwani huku akisikiliza wengine wakiimba kitu kingine.

Tatu, anakumbuka. Kwaya huimba bila karatasi mkononi. Mtoto anaweka kichwani maneno, sauti na mwendo wa nyimbo mbili tatu.

Nne, anatamka. Ukimwambia mtoto "soma kwa sauti" anaona haya. Lakini katika wimbo anatamka kila silabi wazi, tena kwa lugha ambayo labda si ya nyumbani kwao.

Tano, anasimama mbele ya watu. Mtoto aliyeimba mbele ya kijiji kizima hatatetemeka sana siku ya kuulizwa maswali akitafuta kazi, au siku ya kusimama barazani kusema kwamba kisima kimeharibika. Katika vikundi vyetu tunawalilia viongozi wenye ujasiri, na hapa ndipo ujasiri unapoanzia.

KUIMBA SHULENI KULITOKA WAPI?

Kuimba kwenyewe hakukuja na mtu. Babu na nyanya zetu waliimba walipolima, walipotwanga, walipobembeleza watoto na walipozika. Kilichokuja na shule za misheni ni njia ya kuandika na kusoma sauti, ile tunayoiita solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Njia hii ilistawishwa Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, ndiye aliyeanza kuitengeneza, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Walitaka watu wa kawaida, wasio na kinanda wala pesa za kununua kinanda, waweze kuimba kwa kusoma. Ndiyo sababu wamisionari waliichukua mpaka Afrika, na mpaka leo kwaya nyingi za makanisa hapa Kenya hujifunza nyimbo kwa solfa.

Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka wa 1927, wakati wa ukoloni. Kwanza yalikuwa ya Wazungu. Baadaye yalifunguliwa, na nyimbo za jamii zetu zikapata nafasi yake, mpaka yakawa sikukuu kubwa ya shule zote, kuanzia za chekechea hadi vyuo. Shule huanza kushindana karibu na nyumbani, na washindi hupanda ngazi hadi ngazi mpaka taifa. Washindi wa taifa huwahi kualikwa kumwimbia Rais.

Kuna mfano mmoja mkubwa ambao kila mtoto anaujua bila kujua kwamba anaujua. Mwaka wa 1963, uhuru ulipokaribia, kamati ya watu watano iliteuliwa kutengeneza wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuomba wimbo kutoka nchi za mbali. Waliuchukua wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo ambao akina mama walikuwa wakiwaimbia watoto ili walale, wakautengeneza kwa sauti nne na kuutia maneno mapya. Fikirini jambo hilo. Wimbo wa mama aliyembeba mtoto mgongoni ndio unaowasimamisha wakubwa wote leo. Na watoto wetu wanapouimba asubuhi bendera ikipandishwa, hiyo ndiyo kwaya yao ya kwanza.

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, muziki ulitahiniwa darasa la nane pamoja na sanaa na ufundi. Mapema miaka ya 2000 masomo ya mtihani wa KCPE yalipunguzwa yakabaki matano, na muziki ukatoka. Tangu hapo katika shule nyingi kipindi cha muziki kwenye ratiba kikawa cha hesabu. Si kwamba walimu walichukia muziki. Ni kwamba sisi wazazi tuliuliza alama za mtihani tu. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023. Katika mtaala mpya wa umilisi muziki umerudi: umeunganishwa na uchoraji, ufundi na michezo katika somo moja la sanaa. Lakini kuandikwa kwenye mtaala ni jambo moja, na kufundishwa ni jambo jingine. Somo ambalo wazazi hawaliulizi huwa la kwanza kuachwa.

KWAYA INAFUNDISHWAJE BILA KINANDA?

Wengine wanasema, "Shule yetu ni maskini, hatuna vyombo." Kwaya haihitaji vyombo. Inahitaji mwalimu mwenye masikio mazuri, ukuta wa kuandikia, na nusu saa mara tatu kwa wiki. Mwalimu mzuri hufuata njia kama hii:

1. Kusikiliza kila mtoto. Anamwita mmoja mmoja na kumwimbia sauti mbili tatu, mtoto arudishe. Mtoto asiyeweza siku ya kwanza si kwamba "hana sauti". Mara nyingi hajazoea kusikiliza. Aketi kati ya wawili wanaoimba vizuri, baada ya wiki tatu ajaribiwe tena.

2. Kupanda ngazi. Mwalimu anachora ngazi ya solfa ukutani kwa makaa au chaki, do chini na do nyingine juu. Anagusa kwa kijiti, watoto wanaimba. Anaanza na so na mi, sauti ambazo watoto huzitumia hata wakiitana michezoni. Kisha anaongeza la, re na do. Hizo tano zikishaingia, ana nyimbo nyingi za jamii zetu mkononi. Fa na ti huja baadaye, kwa kuwa hatua ya mi kwenda fa na ya ti kwenda do ni fupi kuliko nyingine, na watoto hujikwaa hapo.

3. Kutumia mkono. Curwen aliacha ishara za mkono kwa kila sauti: ngumi ni do, kiganja kilicholala chini ni mi, kiganja kinachotazama kifua ni so. Mtoto anaona sauti kwa macho, na mwalimu hana haja ya kusema.

4. Kupumua. Mtoto ajaze hewa tumboni, mabega yasipande. Mwalimu humwambia aweke mkono juu ya tumbo aone likisukuma.

5. Kugawa sauti. Kwaya ya shule ya msingi huweza kuimba sauti mbili, na ikikomaa, tatu. Sauti ya pili ni kazi ngumu, maana mtoto anaimba kitu tofauti na anachokisikia sikioni. Kwa hiyo anayeongoza sauti ya pili ni kama nguzo ya kati ya nyumba. (Sasa mnaelewa tulichokifanya tulipomketisha yule msichana kando.)

6. Kumaliza wimbo kabla ya kuongeza mwendo. Kwanza sauti, kisha maneno, mwisho ndipo mikono na miguu. Wanaoanza na kucheza huishia kuhema.

Na jambo moja la hatari. Wazazi wengi hupenda kwaya inayopaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hiyo si nguvu, ni kuumia. Koo la mtoto likilazimishwa kila siku hupata ukwaruzo, na sauti huharibika. Mtoto akiwa na mafua au koo linauma, apumzishwe. Maji ya kunywa yawe karibu. Na mvulana wa miaka 12, 13 au 14 ambaye sauti yake inaanza kuvunjika asichekwe wala asifukuzwe. Apewe sauti ya chini au ngoma mpaka itulie.

NYANYA NI MWALIMU PIA

Turudi kwa yule nyanya aliyesimama. Kwa nini wimbo wake uliwagusa watu kuliko ule wa Kiingereza? Si kwa sababu Kiingereza ni kibaya. Kuna sababu ya kimuziki.

Katika lugha zetu nyingi, kama Kikuyu, Kikamba na Kijaluo, neno likipandishwa au kushushwa sauti hubadilika maana. Wimbo wa zamani uliotungwa katika lugha hiyo hufuata mwendo wa maneno yenyewe: neno linapopanda, wimbo unapanda. Lakini wimbo wa kigeni uliotafsiriwa hulazimisha maneno yafuate njia ambayo si yake, na pengine mzee akisikia anacheka kwa kuwa neno limegeuka. Kiswahili hakina tabia hiyo ya kupanda na kushuka. Ndiyo maana kinapokea nyimbo za kutafsiriwa bila taabu nyingi. Basi mwalimu akitaka wimbo wa jamii, asiutunge kwa kukisia. Aende kwa mwenye lugha.

Hapa ndipo vikundi vya akina mama vina utajiri ambao hakuna mfadhili anayeweza kuuleta. Katika kila kikundi kuna mtu mmoja au wawili wanaojua nyimbo za kazi, za arusi, za kubembeleza, za michezo ya watoto. Nyimbo hizi zinakwenda nao kaburini. Mnamo 2014 shirika la UNESCO liliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Magharibi mwa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Isukuti, ambayo wengi wetu tunaisikia kwenye kila sherehe! Ikiwa hiyo inahitaji kuokolewa, je, wimbo wa kijiji kimoja ambao unajulikana na nyanya watatu tu?

Lakini mambo mawili yazingatiwe. La kwanza, si kila wimbo ni wa watoto. Nyingine ni za jando, za msiba au za watu wazima. Wazee waulizwe kwanza. La pili, mwenye kufundisha wimbo atajwe. Siku ya kuimba, mwalimu aseme wazi, "Wimbo huu tumefundishwa na mama fulani," na mama huyo aketi mbele. Hiyo ni heshima isiyogharimu hata shilingi.

KUTAYARISHA SIKU YA KUIMBA

Kikundi kinachotaka kusaidia shule kifanye haya.

Mwezi mmoja kabla: Watu wawili wa kikundi waende kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa kwaya. Wasiende na masharti, waende na swali: "Mnahitaji nini?" Tarehe isigongane na siku ya soko, msiba mkubwa au mitihani. Palizi nayo ifikiriwe. Mzazi mwenye jembe mkononi hawezi kuja.

Wiki mbili kabla: Pahali paangaliwe. Uwanja wazi hula sauti. Kwaya isimame ukuta ukiwa nyuma yake, ili sauti irudi kwa watu, na jua lisiwapige watoto usoni. Mkipata chumba au kanisa ambalo mwangwi wake si mwingi, vizuri zaidi. Kipaza sauti si lazima. Kibovu huharibu kazi ya miezi miwili kwa dakika mbili.

Wiki moja kabla: Mavazi. Sare ya shule iliyofuliwa inatosha. Kwa wimbo wa asili, leso za akina mama ziazimwe, kila moja iandikwe jina kwa uzi au karatasi ili irudi kwa mwenyewe. Mtoto asiye na viatu asiwekwe nyuma. Kwaya yote ivue viatu kwa wimbo wa asili, mambo yaishe.

Siku yenyewe: Watoto wale kidogo, uji au viazi vitamu, saa moja au mbili kabla. Anayeshiba sana hawezi kupumua vizuri. Kwaya iimbe mapema, hotuba zije baadaye na ziwe fupi. Mmeona wenyewe watoto wakisimama juani saa nzima wakimngoja mgeni wa heshima, na anapofika wameshachoka. Mgeni akichelewa, atakuta wimbo wa mwisho.

Mwalimu aeleze watu jambo moja au mawili kabla ya kila wimbo: "Sikilizeni, mstari wa nyuma unaimba sauti tofauti," au "wimbo huu unaanzishwa na mmoja na wengine wanaitikia." Mzazi aliyeelezwa husikiliza kwa masikio mengine. Wiki ifuatayo utamsikia nyumbani akimwuliza mtoto, "Wewe ni sauti ya ngapi?" Hapo somo limeingia nyumbani.

Siku hizi kila mtu ana simu ya kupiga picha. Tangazeni mapema kwamba picha za watoto zisisambazwe bila ruhusa ya wazazi na shule.

Tuzo: Watu wakianza kutoa pesa, zisiende mfukoni mwa mtoto mmoja mwenye sauti nzuri, wala mfukoni mwa mtu mzima yeyote. Pawe na kikapu mbele. Mweka hazina wa kikundi na mzazi mmoja wahesabu pale pale, na jumla isomwe kabla watu hawajaondoka. Pesa iliyosomwa hadharani haina mguu wa kutoroka.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano. Si bei ya kila mahali, ninyi mtaweka ya kwenu.

Kwaya ya watoto 40 na walimu 2 inakwenda mashindanoni. Nauli ya kila mmoja kwenda na kurudi ni shilingi 200. Watu 42 mara 200 ni shilingi 8,400. Chakula cha mchana na maji, shilingi 3,000. Dharura, shilingi 600. Jumla ni shilingi 12,000.

Njia ya kwanza: kila mtoto alete shilingi 300. Watoto 40 mara 300 ni 12,000. Hesabu imetimia, tena haraka. Lakini mama mwenye watoto wawili kwenye kwaya anatafuta 600 kwa wiki moja, na asipopata, watoto wake wanabaki. Hii ndiyo njia tuliyoichagua sisi.

Njia ya pili: kikundi cha watu 25 kinaweka shilingi 20 kila wiki, kando ya pesa za merry-go-round, kwa wiki 12. Watu 25 mara 20 mara 12 ni shilingi 6,000. Nusu imepatikana kabla kwaya haijafungua mdomo. Nusu ya pili inatafutwa siku ya kuimba, kwa kikapu cha tuzo na kwa kuuza chai na mandazi. Ikipungua, chakula kinatoka nyumbani: huyu githeri, huyu ndizi, huyu maziwa. Hakuna mtoto anayeulizwa, "Umeleta?"

Njia zote mbili zinafika shilingi 12,000. Tofauti ni kwamba katika ya kwanza mtoto anachaguliwa na mfuko wa mamake, na katika ya pili anachaguliwa na sauti yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si kikubwa.

KWAYA IKIRUDI NYUMBANI

Mashindanoni waamuzi hutoa alama na pia maoni: sauti zililingana au la, maneno yalisikika au la, mapigo yalikimbia au la. Kwaya nyingi hutazama nambari tu. Zikiwa za mwisho, maoni yanatupwa. Hiyo ni hasara. Maoni ni ushauri wa bure kutoka kwa mtaalamu. Yasomwe mbele ya wazazi, mazuri na mabaya, kama vile mkulima anavyosoma matokeo ya kupimwa udongo.

Na kwaya isiyoshinda ipokewe kwa vigelegele vile vile. Si kikombe tulichokuwa tunakuza.

Kamati yetu ilibadilika, ingawa polepole. Mwaka wa 2019 tulifuta ile sheria ya shilingi 300 na kikundi cha akina mama kikaanza kuweka akiba. Mwaka uliofuata shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Uviko, hakukuwa na kuimba. Pesa zilizokuwa zimewekwa zilikaa, zikaandikwa kitabuni, na watoto waliporudi zilikuwepo. Tangu hapo sijaona mtoto aliyefundishwa wimbo akiketishwa kando kwa sababu ya nauli. Lakini yule mmoja hatukuweza kumrudishia mwaka wake. Mtoto hawekwi akiba. Wakati wake ukipita, umepita.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, shule iliyo karibu nasi ina kwaya? Muziki unafundishwa kwa vipindi vingapi kwa wiki? Nani kati yetu amewahi kuuliza?

2. Ni watoto gani huachwa nje ya safari na sherehe za shule kwetu, na kwa sababu gani? Tumepitisha sheria gani sisi wenyewe zinazowaacha?

3. Nani katika kikundi chetu anajua nyimbo za zamani zinazofaa watoto? Yuko tayari kwenda shuleni siku moja kwa mwezi? Nani atamsindikiza?

4. Tukiweka shilingi 10 au 20 kila wiki kando, kwa muhula mmoja tutapata ngapi? Zitahesabiwa na nani, na zitasomwa lini mbele ya watu?

5. Ni tarehe gani muhula ujao inafaa kwa kwaya kuimbia kijiji, bila kugongana na soko na kazi za shamba?

Mkishajadili, chagueni watu wawili waende kwa mwalimu mkuu. Waende wiki hii. Muhula una wiki chache, na wimbo huchukua muda kuiva.